Waldorf-Astoria, hoteli iliyozaliwa na ugomvi wa ukoo

Huenda nawe umewahi kutumiwa ile hadithi. Usiku wa mvua kubwa, mzee na mkewe wanaingia kwenye hoteli ndogo ya Philadelphia kutafuta pa kulala. Vyumba vimejaa. Karani kijana anawaonea huruma, anawapa chumba chake mwenyewe na yeye anakesha kwenye kiti. Asubuhi mzee anamwambia: wewe unastahili kuendesha hoteli bora kuliko zote Marekani, nami siku moja nitakujengea. Miaka inapita, barua inafika ikiwa na tiketi ya kwenda New York. Kumbe mzee yule ni William Waldorf Astor, karani ni George Boldt, na hoteli ni Waldorf-Astoria. Hadithi hii inahubiriwa makanisani, inasimuliwa kwenye semina za huduma kwa wateja, na kila baada ya muda inazunguka tena kwenye makundi ya WhatsApp.

Naipenda kwa wema uliomo. Ila haikutokea hivyo, na yaliyotokea yana uzito zaidi. Astor alizaliwa mwaka 1848, na hoteli yake ya kwanza New York ilifunguliwa tarehe 13 Machi 1893, siku chache kabla hajatimiza miaka 45. Mzee wa hadithi hayupo. Naye Boldt hakuwa karani wa kuonewa huruma. Alizaliwa katika kisiwa cha Rügen, Prussia, mwaka 1851, akavuka bahari akiwa bado mtoto, akaanzia kazi jikoni. Kufikia miaka ya 1880 yeye na mkewe Louise walikuwa na hoteli yao wenyewe Philadelphia, iliyoitwa Bellevue, na matajiri wa mji ule walikuwa wakiijua meza yake. Boldt aliitwa New York kwa sababu alikuwa tayari fundi wa kazi hiyo. Kumgeuza kijana aliyebahatika kukutana na tajiri mwema ni kumnyang'anya jasho lake.

Na lipo jambo kubwa zaidi ambalo hadithi inalifunika, nalo ni sababu ya hoteli yenyewe kujengwa. Ilijengwa kwa hasira. Watu wa ukoo mmoja, wenye jina moja, waligombania nani hasa ana haki ya kuitwa kwa jina hilo.

Jina lilianzia kwenye kijiji cha Walldorf, karibu na Heidelberg, Ujerumani. Hapo ndipo alipozaliwa Johann Jakob Astor mwaka 1763, mtoto wa mchinja nyama. Kijana huyu alikwenda kwanza London, ambako kaka yake alikuwa akitengeneza ala za muziki, kisha akavuka kwenda Marekani akiwa na shehena ndogo ya filimbi za kuuza. Huko akaingia kwenye biashara ya ngozi za manyoya, hasa za biva, mnyama wa mitoni ambaye manyoya yake yalitengenezewa kofia za mabwana wa Ulaya. Mwaka 1811 watu wake walijenga kituo cha biashara kwenye mdomo wa mto Columbia, pwani ya Pasifiki, wakakiita Astoria. Kituo kile hakikudumu mikononi mwake hata miaka mitatu, lakini mji uliokua mahali pale, katika jimbo la Oregon, unaitwa Astoria hadi leo.

Utajiri wake si wa kusimuliwa kwa kushangilia tu. Mwaka 1816 aliingia kwenye biashara ya afyuni kwa kununua tani kumi kutoka Uturuki na kuzipeleka Canton, China. Kampuni yake ya ngozi iliuza pombe kwa watu wa asili wa Amerika na kuwaachia madeni na maangamizi. Fedha iliyopatikana aliizika kwenye ardhi ya Manhattan, wakati sehemu kubwa ya kisiwa kile ilikuwa bado mashamba, akasubiri mji umfuate. Ulimfuata. Alipofariki mwaka 1848 alikuwa tajiri kuliko mtu yeyote Marekani, na mali yake ilikadiriwa kuwa dola milioni 20. Katika wosia aliacha dola 400,000 za kujenga maktaba ya umma, ambayo baadaye iliungana na nyingine kuwa Maktaba ya Umma ya New York. Kijiji cha Walldorf nacho alikiachia fedha, za kujenga nyumba ya kulea yatima na kuwatunza maskini. Nataja hilo kwa sababu katika habari zote za ukoo huu, ni mara chache sana unaona mtu akikumbuka mahali alikotoka.

Sasa tuje kwenye ugomvi. Wajukuu wawili wa mzee Astor, ndugu wa baba mmoja, walijenga nyumba zao Fifth Avenue, moja pembeni mwa Mtaa wa 33 na nyingine pembeni mwa Mtaa wa 34, bustani ikiwa katikati. Mkubwa alikuwa John Jacob Astor wa tatu, na mwanawe wa pekee ndiye William Waldorf. Mdogo alioa mwanamke aliyeitwa Caroline Schermerhorn. Kwa ujamaa wetu, Caroline alikuwa mama mdogo wa William. Nadhani msomaji wa Kiswahili anauona uzito wa ugomvi huu upesi kuliko waandishi wengi wa kizungu, ambao huutaja tu kama ugomvi wa shangazi na mpwa. Sisi tunajua mtoto anavyotakiwa kukaa mbele ya mama mdogo wake.

Caroline alikuwa malkia wa jamii ya matajiri wa New York. Watu 400, idadi iliyosemekana kutosha kwenye ukumbi wake wa dansi, ndio waliohesabiwa kuwa watu wa maana mjini, na asiyealikwa kwake alijiona hayupo duniani. Kwenye kadi zake za mwaliko aliandika tu "Bi. Astor", bila jina la mume, kana kwamba hakuna mwingine. Baba yake William alipofariki mwaka 1890, William akawa mkuu wa ukoo, na akataka mkewe Mary ndiye aitwe Bi. Astor. Kwa desturi za watu wao alikuwa na hoja. Caroline hakukubali kamwe. Magazeti yakapata cha kuandika, mji ukapata cha kuchekea, na Mary, ambaye kwa yote ninayoyajua hakuwa mtu wa kupenda makuu, akajikuta katikati ya vita ambavyo si vyake.

William akahama na familia yake kwenda Uingereza. Aliacha maneno makali kuhusu nchi yake, na mwaka 1892 magazeti yalitangaza kwamba amekufa kwa homa ya mapafu, habari ya uongo ambayo wengi waliamini aliieneza mwenyewe. Lakini kabla ya kusahau New York alivunja nyumba ya baba yake, ile iliyopakana na nyumba ya mama mdogo, na pale pale akainua hoteli ya ghorofa 13. Akaiita Waldorf, jina lake la katikati, jina la kijiji cha babu.

Hebu fikiria. Umeishi miaka yote hiyo ukiwa mwenye kauli juu ya nani aingie sebuleni kwako na nani asiingie. Sasa ukutani kwako kuna jengo refu ambalo mtu yeyote mwenye fedha anaingia bila kuulizwa ni mtoto wa nani. Mikokoteni ya mizigo, moshi wa jiko, vicheko vya wageni hadi usiku wa manane. Inasemekana mwanawe Caroline, John Jacob Astor wa nne, alitishia kuivunja nyumba yao na kujenga zizi la farasi, ili harufu iwaendee wageni wa hoteli. Busara ya fedha ikashinda. Caroline alihamia juu zaidi Fifth Avenue, na kwenye kiwanja chao ikajengwa hoteli nyingine, ndefu kuliko ya jirani, ghorofa 17. Ilifunguliwa mwaka 1897 kwa jina la Astoria.

Vita vya panzi ni furaha ya kunguru, na kunguru hapa alikuwa Boldt. Alizikodi hoteli zote mbili akaziendesha kama moja, na vyumba vyake vilifikia takriban 1,000. Ndugu wale hawakuwa wakizungumza, kwa hiyo makubaliano yaliwekwa kwamba njia zote za kupita kati ya majengo hayo mawili ziweze kuzibwa siku yoyote wakikosana tena. Kile kistari kati ya Waldorf na Astoria kilikuwa ni ujia wa kweli, mrefu, wenye mawe ya marumaru na viti kandokando. Watu walifika kukaa pale ili kuona na kuonekana, wanawake wakipita na magauni yao ya gharama, hadi ujia ukapewa jina la tausi, Peacock Alley. Ukumbi wa dansi wa Caroline ulikuwa wa watu 400 waliochaguliwa. Ujia wa Boldt ulikuwa wa yeyote aliyevaa vizuri. Naamini mabadiliko ya tabia ya matajiri wa New York, kutoka kula nyumbani kwa mwaliko hadi kula hadharani kwa fedha, yalipita kwenye ujia ule.

Mlangoni mwa chumba cha kulia alisimama Oscar Tschirky, Mswisi aliyefika New York mwaka 1883 akiwa bado kijana mdogo. Hakuwa mpishi. Alikuwa mkuu wa wahudumu, mtu aliyejua nani akae meza gani na nani asikae karibu na nani, na akafanya kazi hiyo kwa nusu karne. Watu walimwita Oscar wa Waldorf, na ukifikiri vizuri, hakuna Astor aliyewahi kuwa "wa Waldorf" kiasi kile. Mwaka 1896 alitoa kitabu kikubwa cha mapishi, na ndani yake kuna saladi iliyoibeba hoteli duniani kote. Ni kitu kidogo mno: menya matufaha mawili yasiyopikwa, yakate vipande vya nusu inchi, kata selari vivyo hivyo, changanya, angalia sana mbegu za tufaha zisiingie, kisha tia mayonezi nzuri. Basi. Njugu za jozi unazoziona leo kwenye saladi hiyo ziliongezwa na watu wengine baadaye. Hilo la mbegu linanivutia kuliko mapambo yote ya ukumbini. Mtu aliyewalisha matajiri wakubwa wa dunia alikuwa akiwaza mbegu isimkwame mgeni menoni.

Jengo lile lina siku moja ambayo kila nikiisoma napata taabu kuendelea. John Jacob Astor wa nne alikuwa ameoa mara ya pili, binti wa miaka 18 aitwaye Madeleine, na mwezi Aprili 1912 walikuwa wakirudi nyumbani kwa meli ya Titanic. Madeleine alikuwa mjamzito. Meli ilipogonga barafu Astor alimpandisha kwenye mashua ya kuokolea, akaomba aende naye kwa sababu ya hali yake, akaambiwa wanaume hawaruhusiwi. Akarudi nyuma. Meli ilizama alfajiri ya tarehe 15 Aprili. Manusura walifika New York usiku wa tarehe 18, na asubuhi iliyofuata Baraza la Seneti la Marekani lilianza kuwahoji mashahidi. Lilikaa wapi? Kwenye Waldorf-Astoria. Mkurugenzi wa kampuni ya meli, Bruce Ismay, aliyenusurika, alihojiwa wa kwanza, akafuatiwa na nahodha wa meli iliyowaokoa manusura. Wakati huo mwili wa mwenye nyumba ulikuwa bado unaelea baharini. Ulipatikana tarehe 22. Mtoto alizaliwa Agosti, akaitwa John Jacob.

Boldt alifariki mwaka 1916. Aliwahi kuanza kumjengea Louise ngome ya mawe kwenye kisiwa cha mto St. Lawrence, na Louise alipofariki ghafla mwaka 1904 aliwasimamisha mafundi, na inasemekana hakukanyaga tena pale. Mgeni wake mwingine mashuhuri, mvumbuzi Nikola Tesla, alikaa hotelini miaka mingi bila kulipa vizuri, hadi mwaka 1915 alipokabidhi hati ya kituo chake cha utafiti cha Wardenclyffe kwa ajili ya deni la takriban dola 20,000. Hoteli ya wakati ule ilikuwa nyumba ya watu, pamoja na madeni yao na misiba yao.

Sasa ngoja niupitie mwaka 1919, maana jina hili halijawahi kutawanyika kama mwaka ule. Kule Stuttgart, Ujerumani, kulikuwa na kiwanda cha sigara kilichojipachika jina la hoteli ya New York: Waldorf-Astoria. Mkuu wake, Emil Molt, aliona watoto wa wafanyakazi wake hawana njia ya kupata elimu nzuri, akamwomba mwanafalsafa Rudolf Steiner awaanzishie shule. Ilifunguliwa Septemba 1919 ikiwa na watoto zaidi ya 250, wengi wao wa familia za kiwandani, wasichana na wavulana darasa moja, mtoto wa meneja na mtoto wa mfunga sigara kwenye benchi moja. Wanazi waliifunga mwaka 1938, vita vilipokwisha ikafufuka, na leo shule za Waldorf ni zaidi ya 1,000 duniani, Nairobi na Dar es Salaam zikiwemo. Nina wasiwasi na baadhi ya nadharia za Steiner. Lakini wazo la Molt, kwamba mtoto wa kibarua asome na mtoto wa bosi, naliona bora kuliko chochote alichokijenga Astor yeyote.

Mwezi uliofuata, Oktoba 1919, William Waldorf Astor alifariki huko Uingereza, akiwa ameshapewa cheo cha ubwana. Cheo kikamwangukia mwanawe, aliyeitwa Waldorf, ambaye kwa sheria ya wakati ule akalazimika kuondoka Baraza la Makabwela na kuhamia la Malodi. Kiti chake cha Plymouth kikagombewa na mkewe, Nancy, naye akashinda. Nancy Astor akawa mwanamke wa kwanza kukaa ndani ya bunge lile. Ukoo uliogombana juu ya nani aitwe Bi. Astor ukaja kumtoa Bi. Astor ambaye historia ya siasa inamkumbuka, na hakuwa yule wala yule. Mwaka huo huo, katika mji mdogo wa Cisco, Texas, kijana Conrad Hilton alinunua hoteli yake ya kwanza, Mobley, iliyokuwa ikijaa wachimba mafuta.

Hoteli ya Fifth Avenue ilifungwa tarehe 3 Mei 1929. Vyombo vilipigwa mnada, kuta zikabomolewa, kifusi kikapakiwa kwenye matishari na kumwagwa Bahari ya Atlantiki. Kwenye kiwanja cha ndugu wale wasiozungumza likapanda jengo la Empire State. Waldorf-Astoria mpya ilifunguliwa Park Avenue tarehe 1 Oktoba 1931, ghorofa 47, mita 191, ndefu kuliko hoteli zote duniani wakati huo, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi. Rais Hoover aliihutubia nchi kwa redio siku ya ufunguzi, na baada ya urais akahamia humo hadi alipofariki mwaka 1964. Oscar alihamia jengo jipya pia. Hata saa kubwa ya shaba iliyonunuliwa kwenye maonyesho ya Chicago ya mwaka 1893, yenye nyuso za marais na ya Malkia Victoria, ilihamishwa ikawekwa ukumbini.

Hilton aliiona picha ya hoteli hiyo gazetini siku zile ambazo biashara yake ilikuwa karibu kufa, akaikata na kuandika juu yake kwamba hiyo ndiyo kubwa kuliko zote, akaiweka chini ya kioo cha meza yake. Mwaka 1949 akaipata. Hoteli haina tena Astor ndani yake, ila kwa jina. Mwaka 2015 jengo liliuzwa kwa kampuni ya bima ya China, Anbang, kwa dola bilioni 1.95, likafungwa mwaka 2017 kwa ukarabati. Kampuni ikaanguka na serikali ya China ikaishika, mafundi wakaendelea na kazi. Lilifunguliwa tena mwaka 2025. Vyumba vya hoteli, vilivyokuwa zaidi ya 1,400, sasa ni 375, kwa kuwa sehemu kubwa ya jengo imegeuzwa makazi ya kuuzwa kwa matajiri. Saa imerudi ukumbini. Kwangu mimi, hesabu hiyo ya vyumba ni hasara: ujia wa Boldt ulifungulia watu wengi mlango, na sasa ghorofa za juu zimerudi kuwa za walioalikwa.

Jina lenyewe kampuni ya Hilton imelipeleka mbali. Mwaka 2024 limefika hadi kisiwa cha Platte, Shelisheli, kwenye Bahari yetu ya Hindi. Ukifika pale, watakaokupokea wakiwa na Waldorf Astoria kifuani ni wahudumu, na ningemshauri mgeni yeyote aulize majina yao kabla ya kuuliza habari za akina Astor.